Msaada: chakula cha jioni cha haraka na chenye afya, nafika nyumbani usiku na niko na meko moja tu

MamaPP2_KahawaWest

Wadau habari za jioni. Naomba mawazo kabla watoto waanze kuniita mama mayai. Mimi natoka kazi Indaa (Industrial Area) saa kumi na moja, napita tao kupanda matatu ingine, na Thika Road ikiamka vibaya nafika Kahawa West saa moja na nusu, siku zingine saa mbili kasoro. Wa kwanza yuko Grade 4, mdogo PP2 (chekechea), na huyo wa PP2 ikigonga saa mbili na nusu analala na kijiko mdomoni. Baba yao anaingia saa tatu. Dada aliyekuwa ananisaidia alirudi kwao kuolewa (namtakia heri lakini aki angengoja wafunge shule) kwa hivyo jioni ni mimi na meko. Na nikisema meko ni ile ya mtungi wa kilo 6, moto mmoja, nikiteleka ugali mboga inangoja na nikiteleka mboga ugali inangoja. Friji ninayo, ndogo ya mlango mmoja, friza yake inatosha trei ya barafu na kontena mbili tatu.

Sasa wiki yangu iko hivi, Jumatatu ugali sukuma, Jumanne wali na ndengu ambayo inaiva wakati mtoto ashalala, Jumatano mayai, Alhamisi nimechoka nanunua chipo na smokie hapo steji, Ijumaa usiniulize. Halafu juzi kliniki wameniambia damu ya mdogo iko chini kidogo, wamempa dawa, na wakasema nimwongezee vyakula vyenye madini ya chuma. Nataka vitu vya nusu saa hivi, jioni moja isipite soo tatu (shilingi mia tatu), na mboga iwemo ya kweli sio nyanya mbili mnaita mboga. Tafadhali msiniletee brokoli na samaki wa salmoni, mama mboga wetu anauza sukuma, spinachi, kabeji, karoti, na siku ameamka vizuri managu na terere. Omena (dagaa) pia iko, lakini hiyo naiogopa.

Kijana_Umoja1

Mamaa, mimi ni bachela na jibu langu ni moja, indomie, vunja mayai mawili ndani, katia kabeji ya mbao (bob ishirini). Dakika saba. Mboga si iko hapo.

WanjaJikoni

@Kijana_Umoja1 wewe kula na afya yako, lakini hako kapakiti ka ladha kana chumvi kama ya wiki, kwa mtoto tia nusu ama uache kabisa.

Mama PP2 sikiza, mimi pia niko na meko na watoto watatu kwa hivyo najua hiyo vita. Wewe huna shida ya mapishi, vyenye unapika ni vizuri kabisa, shida ni kwamba kazi mbili ndefu umeziweka saa mbaya. Ya kwanza ni kuchemsha nafaka, yaani maharagwe, githeri na wenzao, ya pili ni kuosha na kukatakata mboga. Toa hizo mbili kwa jioni na kitu chochote kitakuwa cha nusu saa, zikibaki hapo hata nikupe recipe za hoteli ya nyota tano mtoto atalala njaa.

Nafaka zichemshwe Jumapili, period. Loweka maharagwe Jumamosi usiku, Jumapili mwaga hayo maji, chemsha kwa maji mapya bila chumvi. Kama unaweza kupata sufuria ya presha nunua hiyo kabla ya kitu kingine chochote kwa hiyo jiko, maana maharagwe yaliyolowekwa yanaiva kwa kama dakika ishirini tangu ianze kupiga filimbi, bila hiyo ni saa nzima na zaidi na gesi yako inalia. Kilo moja ikiiva inakuwa zaidi ya mara mbili. Gawanya kwa kontena za mlo mmoja mmoja. Za mpaka Jumatano zikae friji chini, mbili za Alhamisi na Ijumaa ziingie kwa hiyo friza, toa trei ya barafu, barafu ya nini na hii baridi ya Julai. Kopo za Blue Band zinatosha, kwangu ukifungua kopo la aiskrimu utakutana na njahi na watoto wameshazoea kuhuzunika.

Na kama Jumapili ni kanisa na kufua na hakuna nafasi, hapo karibu na steji lazima kuna mama anachemsha githeri na maharagwe kwa jiko la makaa anapimia watu. Nunua hiyo. Kuna watu wanaona ni kama uvivu, mimi naona huyo mama ndiye ameokoa nusu ya Nairobi. Onja moja kwanza tu, kama imelainika mpaka inateleza na ina kaladha ka sabuni, hapo magadi imemwagwa mingi, enda kwa mwingine. Magadi inaivisha haraka lakini inaua vitamini B, hasa ile B1.

Sasa jioni: kitunguu kwa mafuta kijiko kimoja mpaka kilainike (lainike, sio kiungue), kitunguu saumu, nyanya mbili umezikwaruza kwa greta badala ya kukata, hii ya greta inakupunguzia muda sana maana nyanya inakuwa rojo hapo hapo haungoji ipondeke. Funika dakika tano. Ikianza kuachana na mafuta kwa kando, weka karoti ya kukwaruza, githeri ama maharagwe yako, maji nusu kikombe, funika. Dakika nane. Mwisho kabeji ama spinachi iliyokatwa nyembamba, koroga, zima moto, funika iivie kwa joto lake. Hicho ni chakula kamili kwa sufuria moja, hakuna cha ugali kungoja mboga. Ukiwa na parachichi kata weka kando na umemaliza.

Sukuma mwambie mama mboga asikukatie. Najua anakata nyembamba vizuri na story juu, lakini ukishakatiwa unaenda kuosha vipande na ile maji ya kijani unamwaga ndiyo vitamini. Chukua majani mazima, osha usiku, yakung'ute, yafunge kwa kitambaa kikavu weka friji, yanakaa siku tatu bila kusinyaa. Kesho yake unakunja majani pamoja kama unasokota sigara kubwa unakata. Huyo wa Grade 4 anaweza kutoa vile vijiti, si mtaala wao wa CBC unasema wafanye kwa vitendo.

MzeeWaKangemi

Hayo mambo ya kopo na friza mimi siamini. Chakula kikishalala kimelala. Mama zetu walipika kila jioni na tulikuwa na nguvu, siku hizi watu wanakula vitu vya barafu halafu wanashangaa damu iko chini. Mtoto apikiwe kitu fresh.

WanjaJikoni

@MzeeWaKangemi shikamoo mzee wangu. Mama zetu walikuwa shambani nyuma ya nyumba, hawakuwa wamesimama kwa matatu pale Roysambu saa moja usiku. Lakini nakubali kitu kimoja, mboga ya majani mimi pia siiweki ikiwa imepikwa, hiyo nakaanga jioni hiyo hiyo. Nafaka ndizo zinalala.

MpishiWaWodi

Nafanya kazi jikoni kwa hospitali, sio daktari, ila mambo ya chakula cha watoto wenye damu chini nayapika kila siku kwa hivyo wacha nichangie. Mzee, maharagwe yaliyochemshwa na kugandishwa hayapotezi madini, chuma iko pale pale, baridi haiwezi kuiondoa. Inayopotea zaidi ni vitamini C kwa majani yaliyopikwa na kuachwa ama kupashwa mara mbili mbili, kwa hiyo WanjaJikoni ako sawa.

Mama PP2, dawa ya kliniki endelea nayo na mrudishe siku waliyokuambia, chakula kinasaidia lakini usikiachie kazi yote. Kuna kitu sijaona mtu amesema na nadhani kwa nyumba nyingi za huku ndio tatizo, chai. Mtoto anapewa ugali maharagwe na kikombe cha chai ya maziwa kando. Chai inashika ile chuma ya maharagwe na mboga, inatoka nayo nje. Mpe maji kwa meza, chai ikae mbali na chakula, saa moja ama mbili hivi. Halafu kinyume chake, vitamini C inasaidia chuma ya mimea iingie mwilini, kwa hiyo kamua limau kwa ndengu wakati unapakua, sio wakati inachemka, ama mpe chungwa baada ya kula. Kachumbari pia inafanya hiyo kazi. Limau moja ni pesa kidogo sana ukilinganisha na kile inafanya.

Na kuna kitu cha haraka kuliko mayai watu wamesahau, maini. Robo kilo ya maini ya ng'ombe inatosha nyinyi wanne kama kitoweo, mwambie wa bucha akate nyembamba. Sufuria iwe moto kwanza, mafuta kidogo, kitunguu, weka maini yasambae yasipandane, usikoroge koroge, geuza mara moja, nyanya na hoho na dania, na haifiki dakika kumi. Kwa mtoto hakikisha katikati hakuna wekundu. Yanakuwa magumu kama kiatu ukiyapika sana, ndio sababu watu wanasema hawapendi. Mara moja kwa wiki inatosha, maini yana vitamini A nyingi sana, na kama una mimba usiyale kabisa bila kuuliza kliniki.

Chumvi, tafadhali. Mtu mzima siku nzima anatakiwa asizidishe kijiko kimoja cha chai, hiyo ni gramu 5, na mtoto chini ya hapo. Ukishaweka royco usiongeze chumvi juu yake, chagua moja.

BintiKisauni_SouthC

Jamani nyinyi watu wa bara mbona mnajitesa hivyo, tui la nazi mnalijua ama mnalionea haya tu dukani? Mimi ni wa Mombasa, kazi ndio imenileta huku, na nikirudi nyumbani nimechoka napika mchuzi wa mayai. Chemsha mayai asubuhi unapotengeneza chai uyaache kwenye friji na maganda yake. Jioni kitunguu, thomu, tangawizi, bizari kidogo, nyanya, ukishaiva ule mchuzi tia tui la pakiti nusu, tia mayai umeyapasua katikati, tia mchicha mkono mmoja mkubwa (terere hiyo yenu), limau, basi. Robo saa na nyumba nzima inanukia. Ile nusu ya tui iliyobaki kesho yake tia kwenye maharagwe yako ya kopo, watoto wataramba sahani.

Sasa hilo la moto mmoja dada yangu ni jambo dogo. Anza na wali. Maji ya wali yachemshe kwenye birika la stima kama unalo, usianze na maji baridi juu ya meko, hapo tu umeokoa dakika saba. Mchele vikombe viwili, maji vitatu na nusu, chumvi, mafuta tone, moto mdogo ukishachemka. Maji yakikaribia kukauka, yale matundu yakianza kuonekana juu ya wali, ondoa sufuria ifunike vizuri uifunge kwa shuka zito au blanketi la zamani, iweke pembeni kwenye beseni. Itajimalizia yenyewe na moto sasa ni wako upikie mchuzi. Hata baba watoto akija saa tatu ataukuta una moto. Ila usiufunge hivyo ukaulaza mpaka asubuhi, wali ukikaa vuguvugu usiku kucha unachacha na kuumiza tumbo. Uliobaki utandaze kwenye sahani upoe haraka, kisha friji, na kesho yake upashe mpaka utoe moshi. Mara moja tu hiyo kupasha.

Ugali nao vivyo hivyo, maji ya birika.

Kijana_Umoja1

Wait, kumbe wali unaweza kujipikia kwa blanketi?? Mimi nimekuwa nikiunguza sufuria miaka yote hii.

BintiKisauni_SouthC

@Kijana_Umoja1 oa, mdogo wangu.

MamaPP2_KahawaWest

Aki nyinyi watu mko sawa, nimecheka na nimeandika. Chai imenigonga, hapa kwangu chakula cha jioni na chai ni kitu kimoja, huyo mdogo hawezi kumeza ugali bila chai. Nitamuanza na maji ya limau na asali kidogo nione kama atakubali. Birika la stima ninalo linakaa juu ya kabati tangu harusi, linashuka leo, bora tokeni ya stima isiniishie katikati.

Maswali matatu. Sufuria ya presha naiogopa, ya jirani ilipasuka, dari ikajaa supu. Ndengu nilazimike kuchemsha Jumapili pia ama kuna njia? Na hiyo omena sasa, mama mboga ananiambia ndio dawa ya damu na calcium juu, lakini harufu, na vichwa, na ule uchungu, nifanye nini.

WanjaJikoni

Ya presha, angalia vitu vitatu. Ule mpira wa mfuniko usiwe umepasuka ama umekauka, kale katundu ka mvuke ukaangalie kwenye mwanga kabla ya kufunika kama unaona ng'ambo, na usijaze nafaka na maji kupita nusu ya sufuria. Nafaka zinatoa povu na ngozi na hizo ndizo zinaziba hako katundu, kijiko cha mafuta ndani kinapunguza povu. Halafu usifungue kwa nguvu, kama mfuniko unakataa, mvuke bado uko ndani, mwache hapo uende uoshe vyombo. Nunua yenye valvu ya pili ya usalama, za bei ya kutupa pale barabarani mimi sigusi.

Ndengu hapana, hiyo usisumbuke Jumapili. Loweka asubuhi ukitoka, jioni inaiva kwa nusu saa ama chini bila presha. Kamande hata kulowesha hazihitaji sana, na zile nyekundu ndogo zilizobanduliwa ni robo saa, zinapondeka zenyewe, kwa mtoto wa PP2 hizo ndizo.

Ila maharagwe mekundu usijaribu kuyalaza kwa blanketi ya Binti Kisauni kabla hayajaiva. Hayo lazima yachemke kabisa, yatokote angalau dakika kumi, yana sumu yake ambayo moto mdogo hauiui na inatapisha watu vibaya. Blanketi ni ya wali.

NyarNam_Kayole

Hapo kwa omena mniachie, mambo ya ziwa yana wenyewe.

Kwanza usinunue ile ya kahawia imevunjikavunjika na ina mchanga, angalia yenye kung'aa kama fedha, kavu, ukishika haishikani. Omba kunusa, muuzaji mzuri hawezi kataa. Inuke samaki, isinuke mafuta ya zamani. Ukifika nyumbani usiku wa wikendi mwaga kwa sinia utoe mawe, na kama mtoto ni mchaguzi toa vichwa, uchungu mwingi uko hapo na kwa tumbo. Watu wazima kwangu wanakula na vichwa. Ni kazi ya kukaa mbele ya TV, Grade 4 yako ataifanya akiona unaifanya na yeye. Halafu osha kwa maji ya moto, sio ya kuchemka kabisa, chovya, sugua kidogo, mwaga, rudia mpaka maji yatoke masafi. Usiiloweke, italainika iwe uji. Kausha kwa chujio, halafu kwa sufuria bila mafuta kwanza, moto wa kati, ugeuze geuze mpaka isikike inachakacha. Hiyo harufu unayoogopa ni ya omena iliyopikwa ikiwa na maji. Ikishachakacha acha ipoe, weka kwa kopo friji, umemaliza kazi ya wiki.

Jioni unachukua vikonzi viwili, mafuta kidogo ikauke tena dakika mbili, kitunguu kingi kuliko unavyodhani, nyanya, pilipili hoho, limau, dania. Dakika kumi na mbili nikichelewa. Na ule mfupa wote unaliwa ndio calcium anayosema mama mboga. Kula na managu. Managu chemsha kidogo umwage maji ya kwanza kama ni chungu, halafu kaanga kwa kitunguu na umalizie na maziwa ama krimu vijiko vitatu, watoto ambao hawali mboga wanakula hiyo.

Kama bado wanakataa, twanga hiyo iliyokauka iwe unga, kijiko kimoja kwa ndengu ya mtoto, hatajua.

MzeeWaKangemi

Omena nakubali. Hiyo ni chakula. Ya kopo bado sijakubali.

MpishiWaWodi

Hiyo ya unga wa omena ni nzuri sana, na nyama ama samaki kidogo kwa sahani inasaidia ile chuma ya ndengu iingie vizuri zaidi. Kwa hiyo usiogope kwamba kijiko kimoja ni kidogo. Ila kama hajawahi kula samaki anza na kidogo zaidi, uangalie kama atawashwa ama kuvimba midomo.

MamaPP2_KahawaWest

@NyarNam_Kayole erokamano sana. Nimeamua hivi, Jumatatu githeri na kabeji, Jumanne ndengu na wali wa blanketi, Jumatano maini na ugali na sukuma, Alhamisi mchuzi wa mayai wa nazi, Ijumaa omena na managu. Sasa tu mniambie ya baba watoto, omena ikikaa mpaka saa tatu si italainika? Yeye akipata kitu kimelegea anaanza story za mama yake alivyokuwa anapika.

NyarNam_Kayole

Yake usiichanganye na nyanya. Mchuzi wako pembeni kwa bakuli, omena yake iache kavu kwa sufuria, akibisha mlango ndio unawasha moto dakika mbili unamwaga mchuzi juu. Na kama ameanza hizo story, mpe kijiko afanye hiyo ya mwisho mwenyewe, meko ni moja lakini haijaandikwa jina la mtu.